Usiyachome mabua, Rehema

Njombe

Shoga yangu Rehema,

Salamu sana. Sisi hatujambo, baridi tu ndiyo inatubana. Nimefurahi kusikia umekabidhiwa shamba la marehemu baba huko Namtumbo. Ila hilo la kuyachoma mabua yote na kukisawazisha kichuguu limeninyima raha, ndiyo maana nakujibu haraka.

Kwanza, ili uone jinsi viumbe wadogo wanavyolilisha shamba, nenda bondeni kwenye maharage yako. Chagua shina lililoanza kutoa maua, ulichimbue taratibu kwa jembe, usiling'oe, kisha ukung'ute udongo. Mizizini utakuta vinundu. Kipasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu-chekundu ndani, bakteria wamo kazini. Kikiwa cheupe au kijani, hamna kitu. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuila ikiwa hivyo ilivyo. Bakteria hao huigeuza ikawa chakula cha mmea, na mmea nao huwapa sukari. Ukimwaga mbolea ya urea nyingi, vinundu hupungua, kwa hiyo usijiingize kwenye gharama hiyo.

Sasa hayo mabua. Ukiyatia moto, naitrojeni yake nyingi inaondoka na moshi. Ukiyaacha, kuvu huingiza nyuzi zao nyembamba ndani ya bua, hutoa vimeng'enya, yaani majimaji ya kuyeyushia chakula, na kulilainisha, bakteria nao humalizia, na chakula kilichokuwa kimefungwa humo kinarudi udongoni. Bila wao, kila jani lililowahi kuanguka lingekuwa bado limelala pale pale.

Na kichuguu, tafadhali, kiache. Mchwa wale wakubwa hutafuna nyasi na miti mikavu, wakajenga kwa kinyesi chao masega laini chini ya ardhi, na juu yake wakaotesha kuvu. Kuvu huvunja yale magumu yaliyowashinda mchwa, kisha mchwa wanakula. Ule uyoga mtamu unaochomoza vichuguuni mvua zikianza ni wa kuvu hao hao. Haupandwi kama mazao mengine; ukivunja makao yao, umeupoteza.

Najua mama atakukumbusha habari za sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka, na ana haki. Mwaka 2004 nchini Kenya iliua watu zaidi ya 100, wengi wao Makueni na Kitui. Hao ni kuvu wa aina nyingine, wanaopenda mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Anika juu ya turubai, si chini, na usifunge gunia mpaka punje ziwe kavu kabisa.

Mabua yalaze katikati ya mistari, yawe matandazo. Zungumza mapema na majirani wenye ng'ombe, maana wakiingia shambani hawataacha kitu. Ukiwapa mabua ya upande mmoja, waombe samadi.

Msalimie mama sana, na uniandikie ulichokiona kwenye hiyo mizizi.

Ni mimi shoga yako,
Tumaini