Kitambaa cha kufunga kwenye mti wa Doon

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia unampeleka mama kwenye kisima kitakatifu cha Doon, karibu na Kilmacrenan, huko kaunti ya Donegal, Ayalandi. Ila ule utepe wa kung'aa ulionunua wa kufunga kwenye mti, tafadhali uache nyumbani.

Kitambaa pale si pambo. Kwa mila ya Ayalandi, kitambaa hubeba ugonjwa. Unakichovya majini, unapangusa panapouma, kisha unakifunga. Kadiri kinavyooza ndivyo maradhi yanavyopungua. Nailoni haiozi. Tena tawi hunenepa kila mwaka, na fundo lililokazwa hulikata gome hata utomvu usipite, tawi likakauka. Kwa hiyo pasua pamba tupu, bora itoke kwenye nguo ya mama mwenyewe: upana wa vidole viwili, urefu wa shibiri moja, na fundo liwe na nafasi ya kupitisha kidole. Vitambaa vya wengine msiviguse, hata vikiwa vimechakaa vipi. Wenyeji husema anayekifungua huondoka na ugonjwa wa mwenyewe.

Sarafu pia msipigilie. Kule Clonenagh, kaunti ya Laois, mti wa Mtakatifu Fintan ulijazwa sarafu shinani miaka na miaka, na shaba ni sumu kwa mti. Ulianguka mwaka 1994.

Doon husaliwa miguu mitupu, na ardhi yake ni baridi na tepetepe, basi beba taulo na soksi nzito za kuvaa baadaye. Sala mama anazijua: Baba Yetu, Salamu Maria, Nasadiki. Kila chupa ya maji mnayochota ina sala yake, kwa hiyo msiende na dumu! Kwenye visima vingine watu huzunguka kufuata jua, kisima kikiwa mkono wa kuume, wakihesabu mizunguko kwa kokoto. Sheria ya mwaka 1704 iliwatoza mahujaji faini ya shilingi 10, asiyekuwa nazo akachapwa viboko, na bado walikwenda.

Kuhusu kunywa: ni maji ya ardhini yasiyotiwa dawa, na visima vya mashambani huzungukwa na malisho, mvua ikabeba kinyesi cha ng'ombe na kondoo. Kuyachemsha nako ni kinyume cha mila. Husemwa maji ya kisima kitakatifu hukataa kuchemka. Mama ajipake usoni na magotini, inatosha.

Mfikishie shikamoo yangu.

Wako,
Zuhura