Paswadi ya ruti si ya kugawana ofisini

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako nizungumzie hii tabia ya ofisi zetu hapa Kisumu, sacco, shule za kibinafsi, hata zahanati, kuwa na seva moja, kompyuta kuu ya ofisi, na paswadi moja ya ruti, yaani akaunti kuu inayoweza kufanya chochote kwa seva, ambayo kila mtu wa IT anaijua, na aliyeacha kazi mwaka juzi bado anaijua, na mwanafunzi wa atachimenti naye alitumiwa kwa WhatsApp.

Juzi kwa ofisi moja hapa mjini hifadhidata ya wateja ilizimwa usiku. Asubuhi tukafungua logi, rekodi ya yaliyofanyika kwa seva, imeandika tu ruti ameingia na amezima. Sasa ruti ni nani na paswadi wako nayo watu wanne? Lawama ikamwangukia dada mmoja kwa sababu ndiye mgeni, na hakukuwa na njia yoyote ya kuonyesha kama ni yeye ama si yeye. Iliniuma sana.

Na dawa ya hii maneno iko, tena ya bure. Chukua Cockpit, programu ya kusimamia seva za Linux, ile unafungua kwa brauza kwa poti 9090, yaani nambari ya mlango wa mtandao: kila mtu anaingia na jina lake, halafu kuna kitufe pale juu cha kuomba nguvu za usimamizi, anabonyeza, anaweka paswadi yake mwenyewe, si ya ruti, na kazi inaendelea. Kinachotakiwa ni awe kwenye grupu ya wanaoruhusiwa kufanya kazi za ruti, inaitwa sudo kama seva ni Ubuntu ama Debian, au wheel kama ni Fedora na Red Hat, zote aina za Linux. Amri ni usermod -aG sudo kisha jina la mtu, na hiyo herufi a msiiache jamani, ukiiacha mtu anatolewa kwa grupu zake zingine zote. Akitoka na kuingia tena tayari. Cockpit za siku hizi ukiiweka upya hata hazimkubali ruti aingie, jina lake liko kwa faili ya waliokatazwa.

Wenye Webmin, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, ile ya poti 10000, pia wanaweza. Kuna mahali unaruhusu mwenye sudo kamili aingie na akaunti yake, na kuna moduli, yaani kijisehemu cha programu, ya kuonyesha nani alibadilisha nini. Unaweza pia kumpa mtu moduli chache tu za kazi yake, lakini hapo chunga: ukimpa ya kuendesha amri ama ya kron, ile ya kupangia seva kazi za kujiendesha zenyewe kwa saa fulani, kama ruti, umempa seva nzima hata kama kwa skrini anaona vitu viwili tu.

Mabosi wengi nikiwaambia haya wanasema ati kuwapa watu wengi uadmini ni hatari. Wakubwa wangu, mlishawapa kitambo, tena kwa njia ambayo hamwezi kumnyang'anya mmoja bila kubadilishia wote. Mtu akiwa na akaunti yake, siku anaacha kazi unaifunga na wengine hata hawahisi. Ni kweli admini kamili akitaka anaweza kufuta logi, ndio maana nakala itumwe kwa mashine nyingine asiyoishika yeye.

Isitoshe hizo ni data za watu, kuna mama wa Kibuye ameweka akiba yake hapo na nambari ya kitambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayezishika awe na mbinu za kiufundi na za kiutawala za kuzilinda, na sioni paswadi ya WhatsApp ikiingia hapo.

Kwa hivyo naomba wanachama wa sacco, mkutano mkuu ukifika, msiulize gawio peke yake, ulizeni pia paswadi ya ruti iko na nani na nani, na ilibadilishwa lini mara ya mwisho.

Msimamizi wa seva,
Kondele, Kisumu