Saa ya kujiundia ikichelewa, usiitupe

Mhariri,

Wanaojiundia saa za elektroniki kwa vipuri vya paketi hukata tamaa upesi saa inapochelewa, ilhali kosa mara nyingi ni dogo.

Moyo wa saa ni kristali, kijipipa cha chuma chenye miguu miwili myembamba, kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. Chipu huigawa idadi hiyo kwa mbili mara 15, ikapata sekunde moja. Usiishikilie pasi ya kulehemu kwenye miguu ya kristali zaidi ya sekunde tatu. Joto huiua kristali. Na hapa Pwani kuna adui mwingine, unyevu wenye chumvi. Mabaki ya dawa ya kulehemu yakibaki kati ya miguu hiyo hunyonya maji ya hewani, umeme ukavuja, saa ikayumba au ikasimama kabisa. Sugua kwa mswaki na spiriti, acha ikauke vizuri, ndipo uwashe.

Kristali ya kawaida inaweza kukosea sekunde 50 hivi kwa mwezi. Chipu ya saa iitwayo DS3231, yenye kristali ndani yake, hukosea kama dakika moja kwa mwaka. Bora uilipie.

Lakini vibao vingi vya bei nafuu vya chipu hiyo huchaji betri. Ukitia CR2032, betri bapa kama sarafu ambayo haichajiki, inaweza kuvimba na hata kupasuka. Ng'oa kwanza rezista (kipuri kidogo cha kupunguza umeme) iliyoandikwa 201, jirani na diodi (kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu), ili kibao kisiichaji betri hiyo. Wauzaji wetu wa Mombasa, tafadhali mwambieni mteja jambo hili kabla hajalipa.

Fundi wa elektroniki,
Majengo, Mombasa