Michoro ya penseli ya kuta isitupwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitetee karatasi ambazo wengi huziona takataka mara rangi inapokauka, yaani michoro ya penseli ambayo mchoraji huiandaa kabla ya kupamba ukuta.

Ukuta mmoja niliowahi kuuchora uliingiwa na unyevu, lipu ikabanduka pamoja na mkono wa mwanamke aliyebeba mtungi. Mwenye jengo aliniita niurekebishe, lakini michoro niliyomkabidhi mwenyewe siku ya kumaliza kazi ilikuwa imechomwa pamoja na mifuko mitupu ya saruji. Mchoro mkuu ulikuwa wa sentimita 60 kwa 30, kwa ajili ya ukuta wa mita 6 kwa 3, nami niliugawa kwa miraba ya sentimita 5, hivyo kila mraba ukawa nusu mita ukutani. Pembeni niliandika namba za miraba na mchanganyiko wa kila rangi. Katika mchoro huo, mkono ule niliufuta na kuuchora upya mara tatu, mpaka vidole vikaushika mtungi kama vinavyopaswa kuushika. Bila mchoro huo nililazimika kubahatisha, na hadi leo nikipita pale naona mkono usio wake.

Mchoro wa maandalizi, uwe wa penseli au wa mkaa, hutunza pia safari ya mawazo ambayo ukuta wenyewe huificha. Raphael, mchoraji wa kale wa Italia, alipoandaa picha ya ukutani ya Shule ya Athene iliyoko Vatikani, alichora kwa mkaa mchoro wenye upana wa karibu mita 8, ambao bado umehifadhiwa mjini Milan. Mtu ambaye ukutani ameketi mbele, ameegemeza kichwa mkononi, hayumo katika mchoro huo. Kwa kuwa karatasi haikutupwa, tunaweza kuona kwamba aliongezwa baadaye.

Kuitunza si kazi kubwa. Alama za penseli hazipauki kwa mwanga, ila huchafuka zikisuguliwa, kwa hiyo michoro ilazwe bapa, karatasi safi ikitenganisha mmoja na mwingine, mahali pakavu. Nawasihi wenye majengo na wachoraji wenzangu waandike katika mkataba, kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa, ni nani atakayeitunza michoro hiyo, na kwamba haitaharibiwa bila mchoraji kuarifiwa.

Mpambaji wa kuta