Ni vidole gani, shoga yangu?

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na unisamehe kwa kukawia kukujibu. Barua yako niliipata wiki mbili zilizopita. Niliisoma mara mbili, nikaiweka kando ya kibodi, nikajiambia nitajibu nikimaliza kazi. Unazijua kazi zetu, haziishi. Leo nimeziacha hapo zilipo, nikachukua karatasi na kalamu makusudi, maana mimi na kibodi siku hizi tumewekeana mipaka. Utaona sababu.

Nimefurahi umepata kazi ya kutafsiri, tena unaifanyia nyumbani. Ila maneno yako ya mwisho ndiyo yaliyonikaa rohoni. Umeyaandika kama jambo la kupita tu: macho yanawaka ikifika jioni, shingo imekakamaa kama gogo, na "mkono wa kulia unakufa ganzi usiku, labda naulalia." Shoga, hiyo "labda naulalia" mimi niliisema miezi minane.

Yangu yalianza hivyohivyo. Saa tisa usiku naamka, mkono si wangu. Nahisi vidole vimevimba kama ndizi, nikiwasha taa naona viko vilevile. Naukung'uta mkono kama mtu aliyetoka kunawa akakosa taulo, ganzi inaondoka, narudi kulala. Kesho yake tena. Nikabadilisha mto, nikabadilisha ubavu wa kulalia, nikalisingizia hata godoro la watu. Mchana nilikuwa nimeshasahau. Mpaka siku moja namvisha mwanangu shati, nikafika kwenye kifungo kile kidogo cha shingoni, kikanishinda. Nimekishika, nakiona, lakini vidole havina habari nacho. Nikahangaika, mtoto akachoka kuinua kidevu, akasema, "Mama, niache nifunge mwenyewe." Akafunga. Hapo ndipo nilipokwenda kwa daktari.

Swali lake la kwanza: "Ni vidole gani?" Nikajibu vyote. Akatikisa kichwa, akaniambia niende nikaangalie vizuri, nirudi. Basi usiku ule nilipoamka nikakaa kitandani gizani navipapasa kimoja kimoja. Gumba, kimekufa. Cha shahada, kimekufa. Cha kati, kimekufa. Cha pete, nusu: upande unaokielekea cha kati umekufa, upande wa pili mzima. Na kidole cha mwisho kizima kabisa, kama vile hakiishi mkono mmoja na wenzake.

Nilipomweleza, akanichorea kwenye karatasi. Pale kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba, sakafu yake mifupa na paa lake utepe mgumu usiovutika. Humo zimebanana kano 9 za kukunja vidole, na katikati yao imepita neva moja. Kano zikivimba kidogo tu hakuna pa kuongezea nafasi, na anayebanwa ni yule mnyonge, yaani neva. Neva hiyo ndiyo inayohudumia vidole vitatu na nusu. Kidole cha mwisho kina neva yake nyingine, haipiti mle. Usiku ndipo mambo huharibika, kwa sababu wengi wetu tukilala tunakunja vifundo bila kujua, na njia inazidi kubana.

Mimi nilikuwa nimeshaihukumu kompyuta, hata utetezi sikutaka kuusikia. Daktari akanituliza. Alisema tatizo hilo huja pia kwa kisukari, kwa ujauzito, kwa hitilafu ya tezi ya shingoni, akanipima kwanza. Kuhusu kibodi, wataalamu wenyewe bado wanavutana inahusika kwa kiasi gani. Lakini alipoangalia ninavyoandika, vifundo vimepinda kuelekea juu na vimeegemea ukingo wa meza, hakusema kitu, alinitazama tu. Nilipewa kifungio kigumu cha kuvaa usiku kinachonyoosha kifundo. Mwanzoni nilikichukia. Baada ya wiki sita nililala mpaka asubuhi. Aliniambia waziwazi kwamba wanaopuuza muda mrefu hufika mahali msuli wa chini ya kidole gumba unasinyaa, na hapo hata ukipasuliwa si lazima nguvu zote zirudi.

Nimeuzungumzia mkono kirefu kwa sababu ndio unaonitisha katika barua yako. Macho yako hayanitishi sana, ingawa najua yanakera. Mtu hupepesa kope kama mara 15 kwa dakika; akiikodolea skrini, idadi hiyo inashuka hata chini ya nusu. Jicho linakauka, linawaka kama lina mchanga, halafu, kwa kioja, linatiririka machozi, ukadhani tatizo ni majimaji. Na ndani ya jicho kuna msuli unaokazwa kila unapotazama karibu. Ukiukaza kutwa, ukija kutazama mbali mambo yana ukungu. Kila dakika 20 inua macho, tazama kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20, na upepese kope kwa kusudi. Kama skrini iko mbele ya dirisha, igeuze mwanga uje kwa ubavuni. Ile miwani ya kuzuia mwanga wa buluu uliyoniuliza, mimi pesa yangu singeitoa: mapitio ya tafiti yaliyotoka mwaka 2023 hayakuona kwamba miwani hiyo inapunguza uchovu wa macho. Nenda kapimwe macho kwanza. Umri wetu huu, huenda unachohitaji ni miwani ya kusomea na unaona haya kukiri. (Mimi ninayo. Nimeiweka juu ya kichwa sasa hivi na nilikuwa naitafuta.)

Shingo sasa. Umeniambia unafanyia kazi kitandani, kompyuta mapajani. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 na ushei, karibu 5, na kikikaa sawasawa juu ya mabega shingo haihisi. Kiinamishe, na misuli ya nyuma ndiyo inayokishikilia kisianguke, saa baada ya saa. Ubaya wa kompyuta mpakato ni kwamba skrini na kibodi vimeungana: ukiiweka chini mikono inastarehe shingo inaumia, ukiiinua shingo inapona mikono inaning'inia. Dawa ni kuvitenganisha. Mimi nimeiweka yangu juu ya kamusi mbili nene, ambazo hatimaye zimepata kazi, na nimechomeka kibodi ya pembeni. Ukingo wa juu wa skrini uwe sawa na macho au chini kidogo, umbali wa kunyoosha mkono. Viwiko vikae ubavuni, nyayo ziguse chini. Basi. Ukishafanya hivyo, usianze kuniandikia habari za viti vya kifahari.

Maana nilipopelekwa kwa mtaalamu wa viungo, nami nilimuuliza ninunue kiti gani. Akanijibu kwa hadithi ya mabasi. Zamani London mabasi ya ghorofa yalikuwa na watu wawili: dereva amekaa kutwa, na kondakta anapanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Daktari Jerry Morris na wenzake waliwalinganisha, wakatoa matokeo mwaka 1953: makondakta walipata maradhi ya moyo kwa kiasi kidogo kuliko madereva. Gari moja, njia moja, moshi mmoja. Akaniambia, "Hata dereva alikuwa na kiti." Nikanyamaza.

Tangu hapo nimeacha kutafuta mkao mzuri wa kukaa saa nne mfululizo. Haupo. Misuli ya mashavu ya miguu ndiyo inayosaidia kusukuma damu ipande kurudi moyoni. Ukikaa kitako haisukumi, ndiyo sababu viatu vinakubana jioni. Simu ikilia nasimama. Maji nayaweka jikoni, si mezani, ili nikitaka kunywa niinuke, na nikishayanywa miguu itanipeleka kwingine yenyewe. Ujanja wa kijinga, lakini kengele niliyoitega kwenye simu niliizoea ndani ya siku tatu nikawa naizima bila kuisikia.

Ulicheka kwenye barua yako kwamba haya ni maradhi ya kizazi cha kompyuta. Aka! Mwaka 1713 kuna tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika juu ya makarani wa enzi zake, watu wa kalamu ya unyoya. Akataja mambo matatu yanayowaumiza: kukaa mfululizo, mkono kurudia mwendo uleule, na akili kukazwa isikosee. Ongeza umeme hapo, ni mimi na wewe.

Hilo la tatu ndilo nisilojua nikuambieje bila kugombana nawe. Unasema unapokea kazi mpaka saa sita za usiku kwa kuwa wateja wakikataliwa hawarudi. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu mwaka 2021: anayefanya kazi saa 55 na zaidi kwa wiki, akilinganishwa na wa saa 35 hadi 40, hatari yake ya kiharusi iko juu kwa kama asilimia 35. Wewe nilikuhesabia kutoka barua yako, umefika 63. Huenda nimekosea kujumlisha, nisahihishe. Halafu baada ya saa hizo unalala na simu usoni, mwanga wake unauambia ubongo bado mchana, na kesho unaniandikia usingizi umekupa mgongo.

Karatasi inaniishia, na mkono nao umeanza kudai haki yake, kwa hiyo nakuomba jambo moja tu kwa sasa. Usiku wa leo ukiamka, usiukung'ute kwanza. Kaa, vipapase kimoja kimoja, anza na gumba. Ukifika kidole cha mwisho tulia hapo kidogo. Kisha niandikie, kimo au hakimo.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi shoga yako