Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Tulivyohama Kutoka Kwenye Leja, Mwaka 2024

Ndugu wanachama, wajumbe wa Bodi na wa Kamati ya Usimamizi, ndugu Afisa Ushirika, habari za asubuhi.

Hesabu zilizokaguliwa mnazo mikononi, na Mweka Hazina atazipitia kifungu kwa kifungu. Mikopo ilitoka hata ile miezi ya ada za shule ambayo kila mtu huja siku moja. Kwa hilo nawashukuru mnaorejesha kwa wakati. Muda uliobaki naomba niutumie kwenye jambo moja: kuhamisha shughuli za chama chetu cha akiba na mikopo kutoka kwenye leja za karatasi kwenda kwenye mfumo wa kompyuta.

Wengi mnaponikuta sokoni pale Mbuyuni au Kiboriloni huniuliza kompyuta zinakuja lini. Kompyuta zilifika mapema. Kilichochelewa ni majina.

Mwanachama mmoja, kwenye leja ana jina la ubatizo na la ukoo. Kwenye kitambulisho cha taifa, cha NIDA, ana majina matatu, na mpangilio ni mwingine. Laini yake ya simu imesajiliwa kwa alama za vidole za mtoto wake aliyeko Dar es Salaam, kwa sababu laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa Januari 2020, wazee wetu wengi walisajiliwa na watoto na wajukuu. Karani wa tawi anajua kwamba huyo ni mama mmoja tu, tena anajua na shamba lake lilipo. Mfumo unaona watu watatu. Halafu kuna kina Massawe, Mushi na Temu, ambao majina yanafanana herufi kwa herufi na akaunti ni tofauti kabisa. Mkoa huu wa Kilimanjaro una ushirika tangu enzi za KNCU, chama kikuu cha wakulima wa kahawa, mwaka 1933, na kwa miaka yote hiyo vyama vimeendeshwa na watu wanaofahamiana kwa sura. Ufahamu huo haumo kwenye karatasi yoyote tunayoweza kuikabidhi kwa mtaalamu wa kompyuta.

Bodi kwa hiyo iliamua kwamba hakuna salio litakaloingia kwenye mfumo kabla mwenye akaunti hajaliona kwenye leja, akalilinganisha na kitabu chake na kutia sahihi. Tumeshauriwa mara kadhaa tuingize kila kitu kwanza, marekebisho yafuate baadaye. Tumekataa, na nitaendelea kukataa nikiwa kwenye kiti hiki. Kosa la kalamu kwenye leja mwanachama hulibishia karani palepale dirishani. Kosa hilohilo likiingia kwenye kompyuta, anaambiwa "mfumo ndivyo unavyosema," na mzee aliyeweka akiba yake tangu ujana anarudi nyumbani akijiona yeye ndiye amesahau. Siwezi kukubali mtu apoteze haki yake kwa namna hiyo ili sisi tuonekane wa kisasa.

Makarani wetu wamebeba mzigo mkubwa, kwani kila muamala wanauandika mara mbili, kwenye leja na kwenye kompyuta. Juu ya kazi hiyo walikuwa na hofu kwamba mashine imekuja kuwatoa kazini. Mtumishi mwenye hofu hiyo hawezi kumfundisha mwanachama kuitumia kwa moyo mweupe. Bodi imewaandikia barua kwamba hakuna atakayeachishwa kwa sababu ya mfumo. Muda utakaookolewa utakwenda kwenye kuwatembelea wakopaji. Baada ya barua hiyo mafunzo yalichangamka, niliyaona mwenyewe.

Kuhusu mtandao, mnakumbuka Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikazorota nchi nzima. Malipo yetu yaliendelea kwa sababu leja zilikuwa bado mezani. Tangu hapo ni agizo: kila jioni ofisi inachapisha orodha ya masalio na kuifungia kwenye kasha. Umeme ukikatika, au mtandao ukipotea, mwenye mgonjwa hospitalini atapewa fedha zake.

Mkataba wa programu nao ulituchukua miezi. Mzabuni mmoja alileta rasimu isiyokuwa na kifungu kinachosema taarifa za wanachama ni mali ya chama, wala namna ya kuzichukua tukiachana naye. Tulimrudishia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 1, 2023, na anayekusanya taarifa za watu anawajibika kuzilinda. Vilevile tumetaka programu itoe taarifa kwa namna inayopokelewa na MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, tusijaze takwimu zilezile mara mbili.

Wenye simu za batani msiwe na wasiwasi. Huduma itapatikana kwa menyu ya nyota na reli, na vitabu vya akiba vinabaki. Ila matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" nao wamesikia kwamba tunahamia kwenye simu. Chama hakitakuomba namba ya siri, iwe kwa simu au kwa ujumbe. Namba ya tapeli itume kwenda 15040.

Bodi inaomba mkutano huu uridhie mambo mawili: fungu la fedha za uhakiki wa masalio liendelee hadi matawi ya Kibosho na Marangu yakamilike, na leja zisifungwe kabla Kamati ya Usimamizi haijathibitisha kwa maandishi kwamba masalio yanalingana. Meza ya uhakiki iko hapo nje, na makarani wana leja za matawi yote. Aliyekuja na kitabu apite nacho kabla ya chakula, na asiye nacho apite na kitambulisho chake.

Naomba kuwasilisha.