Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Utenganishaji wa Taka Majumbani Mwetu

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti awaeleze kila mwaka kazi iliyofanywa na kamati mliyoichagua. Mapato na matumizi atayasoma mtunza hazina, na masuala ya ulinzi na taa za barabarani yamo katika taarifa ya katibu. Mimi nimeomba muda wangu wote niutumie kwa jambo moja, nalo ni taka za majumbani, kwa kuwa ndilo lililotuchukulia vikao vingi zaidi, ndilo lililotugombanisha, na ndilo tulilojifunza kwalo zaidi ya mengine yote.

Mtakumbuka tulivyoanza. Kamati ilinunua mapipa ya rangi nne, ikayapanga karibu na ofisi ya serikali ya mtaa, na kila pipa likaandikwa aina ya taka zinazopaswa kuingia humo. Baada ya majuma machache mapipa yote manne yalikuwa na kitu kilekile: maganda ya ndizi, chupa, makaratasi yaliyolowa mchuzi na pampasi. Kisha gari la taka likaja, likayamimina yote kwenye bodi moja mbele ya macho yetu, na wale waliokuwa wamejitahidi kutenganisha wakavunjika moyo. Walikuwa na haki. Kosa kubwa lilikuwa letu sisi wa kamati, kwani tulidhani taka hutenganishwa pipani, kumbe hutenganishwa jikoni, pale mpishi anapomenya kiazi na kutafuta mahali pa kutupia ganda. Zikishachanganyika, hakuna wa kuzirudisha zilivyokuwa.

Kwa hiyo tuliyaondoa mapipa na tukabaki na kanuni moja: mbichi na kavu. Kila kaya iwe na ndoo yenye mfuniko kwa taka mbichi, yaani maganda, machicha ya nazi, mabaki ya mboga, majani ya chai, na kiroba kwa kila kilicho kikavu. Baadhi yenu mlisema huku ni kurudi nyuma, toka makundi manne hadi mawili. Mimi naona ndiyo hatua kubwa tuliyopiga mwaka huu. Katika miji kama Dar es Salaam zaidi ya nusu ya taka za nyumbani ni zile zinazooza, na ndizo zinazoziharibu nyingine zote. Ukiziondoa, kiroba kinabaki kisafi, hakinuki, hakivuji, na kinaweza kukaa nyuma ya mlango juma zima bila nzi. Tena tangu mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, ule mtindo wa kufunga mabaki ya chakula ndani ya mfuko na kuyatupa ulikosa chombo. Ndoo imeziba pengo hilo, na haihitaji kununuliwa upya kila siku.

Swali lililofuata lilikuwa taka mbichi ziende wapi. Zikifika dampo la Pugu zitafukiwa chini ya nyingine, zitaoza bila hewa, na kutoa gesi ya methani, ambayo hulipasha joto anga na huchochea moto wa madampo. Zikioza penye hewa zinakuwa mboji. Kwa kiwango kikubwa kazi hiyo inafanyika Mabwepande, penye kiwanda cha mboji cha Manispaa ya Kinondoni kilichojengwa kwa ushirikiano na Hamburg, jiji dada la Dar es Salaam tangu mwaka 2010. Sisi tulihitaji njia inayoenea katika kibaraza cha mpangaji asiye na hata kipande cha bustani, na tukaipata katika tenga la kufulia.

Njia hiyo ilibuniwa na Mjapani Koji Takakura alipokuwa akifanya kazi Surabaya, Indonesia, kuanzia mwaka 2004, na huko matenga yalisambazwa kwa maelfu ya kaya. Unachukua tenga la plastiki lenye matundu, unalitandika maboksi ndani, kisha unalijaza hadi karibu nusu mchanganyiko wa pumba ngumu za mpunga na pumba laini ile wanayolishwa kuku, ulioloweshwa kwa maji ya sukari yaliyochachushwa siku kadhaa. Takakura alisisitiza kwamba chachu itokane na vyakula vya mahali penyewe, nasi tukatumia mtindi na togwa. Kila jioni maganda ya siku hiyo hukatwakatwa, hufukiwa humo, hukorogwa, na tenga hufunikwa kitambaa kinachopitisha hewa.

Niliitwa kwenda kutazama tenga la kwanza nyumbani kwa mwanachama mmoja anayeishi nyuma ya msikiti. Alifunua kitambaa, akaniambia, "Mwenyekiti, tia mkono." Nikautia. Ndani kulikuwa na joto kama la chungu kilichoepuliwa muda si mrefu, utando mweupe wa ukungu ulikuwa umetanda juu ya pumba, na harufu ilikuwa ya udongo uliopata mvua ya kwanza. Maganda ya papai aliyoyatia siku mbili kabla hayakuonekana tena. Mboji ya tenga hilo sasa iko kwenye viroba vya mchicha na nyanya uani kwake, na yeyote anayetaka kuiona amesema mlango wake u wazi.

Si matenga yote yaliyofika huko. Wakati wa masika kadhaa yalitoa funza na uvundo, na wenye nayo wakayatupa. Tulipoyachunguza tulikuta sababu ileile: maji mengi mno, ama ya mvua, ama ya mchuzi na ugali uliotiwa bila kukamuliwa. Hewa ikikosa njia, kinachochacha hugeuka kuoza. Dawa yake ni pumba kavu au vumbi la mbao, kukoroga kwa siku mbili tatu mfululizo, na kutotia samaki wala mifupa hadi tenga litakapopata nguvu.

Kuhusu taka kavu, nawashukuru vijana waokota makopo. Miaka iliyopita tuliwafukuza kwa kuwadhania wezi, na hilo linaniuma. Mwaka huu tumekubaliana nao waje kila Jumamosi asubuhi na guta na mizani, na wao ndio waliotufundisha kutofautisha plastiki. Mmoja wao alikatakata chupa ya maji pamoja na kizibo chake, akavitia vipande kwenye beseni la maji mbele ya watoto: vya chupa vikazama, vya kizibo vikaelea. Ni plastiki mbili zenye uzito tofauti, na kila moja huyeyuka kwa joto lake. Zikiyeyushwa pamoja zote huharibika. Ndiyo maana wanunuzi wanataka vizibo vitengwe, na ndiyo maana madumu na ndoo zilizopasuka huwekwa kando ya chupa za maji.

Makopo ya alumini yasitupwe kamwe, kwani kuyayeyusha upya hutumia takriban asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kutengeneza alumini kutoka kwenye madini. Vifuu vya nazi wamevichukua akina mama wanaotengeneza mkaa mbadala: huvichoma ndani ya pipa lenye hewa kidogo, huvisaga, huvichanganya na chenga za mkaa, na hushikiza kwa uji wa unga wa muhogo.

Yapo yaliyotushinda. Pampasi hazina mnunuzi wala njia, na bado zinakwenda dampo. Kandambili zilizokatika zinakusanywa tu. Tunajua mafundi wa Lamu walizitumia zipatazo 30,000 kulifunika jahazi la plastiki lililosafiri hadi Zanzibar mwaka 2019, ila hapa petu bado hatujampata fundi wa kuzipokea. Betri na taa zilizoungua tunaomba zihifadhiwe kwenye chombo cha peke yake, mbali na watoto, wakati kamati ikitafuta pa kuzipeleka. Na wachache bado wanachoma plastiki uani jioni. Moshi ule una sumu, unaingia kwenye vyumba vya watoto wa jirani, na nawasihi waache.

Kamati inaomba mkutano huu uamue mambo matatu: kila mwenye nyumba awawekee wapangaji wake ndoo na kiroba kabla ya masika; chama kigharamie matenga mapya kwa kaya zilizopoteza ya kwanza; na mkataba wa gari la taka usihuishwe mpaka uandikwe kwamba mbichi na kavu zitachukuliwa siku tofauti.

Naomba kuwasilisha.